Nilipita Kimya Mbele ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatano ya wiki ijayo, maana baada ya hapo sidhani kama kutabaki kitu cha kusaidia. Mimi ni mtangazaji, si wa redio, ni yule wa manispaa anayekaa mbele kwenye pikapu yenye spika juu ya paa, anayewaambia kwamba maji yatakatika, chanjo ya mbwa ni kesho, barabara ya stendi itafungwa, watu huniita Spika, na sijawahi kugombana na mtu kwa sababu ya kazi hii isipokuwa wale wanaoamini kwamba maji hukatika kwa kuwa mimi nimesema.

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, alikuwa anashonea kwenye barabara ya nyuma ya soko, kando ya ukuta, pamoja na fundi viatu, mama wa mabeseni na dada mmoja anayebadilisha zipu, na huyo wa zipu ndiye rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mama huyu hakunitaka nilipokwenda kuposa, alisema mtu anayelipwa kupiga kelele akifika nyumbani ataacheje, lakini aliponikubali alinikubali moja kwa moja, hata ikawa kila nikipita na gari anasimamisha mashine, anainua mkono na kuwaambia wenzake, "Tulieni, mkwe wangu anaongea," hata kama naongea habari za mitaro.

Sasa mwezi uliopita afisa masoko alinipa tangazo kwamba wote wanaofanya biashara nyuma ya soko waondoke kabla ya kesho yake asubuhi, atakayekutwa vitu vyake vitapelekwa yadi ya manispaa, akaniambia nipite mara mbili wasije wakasema hawakusikia. Tukaanzia mbele ya soko, nikatangaza vizuri, stendi nikatangaza vizuri, tukafika kwenye kona ya barabara ile nikamwona mama mkwe ameshainua kichwa, ameshasimamisha mashine, mkono uko juu anawanyamazisha watu wanisikilize, na mimi, mshauri, sijui niseme nini, nilizima.

Dereva akaniangalia. "Spika imekufa?"

"Imekufa."

"Mbona pale stendi ilikuwa hai?"

"Imefia kona."

Dereva si mtu wa maneno mengi, akaendesha. Tukapita barabara nzima polepole kama gari la msiba, mama mkwe akanipungia, nami nikampungia. Tuliambiwa tupite mara mbili, tukapita mara mbili.

Jioni sikuweza kutulia, nikaenda kwake, nikamkuta anachambua vifungo kwenye kopo, nikamwambia, "Mama, kesho usiende kazini."

"Kwa nini?"

"Pumzika tu, mama. Unafanya kazi sana."

"Nani amekuambia?"

"Naona mwenyewe."

"Binti yangu ana mimba?"

"Hapana, mama."

"Basi nipumzike kwa ajili gani?"

Nikasema goti lake linanitia wasiwasi, goti alilowahi kulilalamikia wakati wa baridi. Akaacha vifungo. Akasema ana watoto wa kuwazaa mwenyewe na hakuna hata mmoja aliyewahi kukumbuka goti lake, akanishika mkono, akasema sawa mwanangu, kesho nitalala. Akaifuata mashine yake kule ukutani, akairudisha ndani siku hiyo hiyo.

Asubuhi lori likaja na askari wa manispaa. Fundi viatu alishika sanduku lake upande mmoja, askari akashika upande wa pili, wakaenda nalo wote wawili mpaka kwenye lori. Mabeseni yalibebwa yote. Dada wa zipu alichukuliwa mashine pamoja na nguo za wateja, likiwemo gauni la bibi harusi lililokuwa limebaki zipu tu, na harusi imeshapita, gauni bado liko yadi.

Baada ya hapo watu wakaanza kuulizana, imekuwaje siku hiyo moja nafasi iliyokuwa wazi ni ya yule mwenye mkwe manispaa. Mama akawaambia alikuwa anaumwa goti. Mama wa mabeseni akamwuliza mbele ya watu, "Hilo goti lako linasoma ratiba ya manispaa?" Tangu siku hiyo hawamsalimii. Anashonea barazani kwake, wateja wa kuhesabu, na dada wa zipu, ambaye walikuwa wakirudi naye nyumbani kila jioni, akimwona anavuka barabara.

Wafanyabiashara wamelalamika kwamba hawakutangaziwa. Kwa kanuni za manispaa yetu, kama hawakutangaziwa, wanarudishiwa vitu vyao vyote na wanapewa muda wa kuhama. Kamati inakaa Jumatano. Afisa masoko ameniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Utakuja useme ulipita. Si ulipita?"

Nikasema, "Nilipita."

"Basi hilo tu, usiongeze neno."

Lakini sijakuambia kubwa. Shahidi wa wafanyabiashara ni mama mkwe. Aliwafuata mwenyewe akawaambia, "Sauti ya mkwe wangu naijua hata nikiwa usingizini, siku ile alipita kimya, nitasimama mbele ya kamati niseme." Anataka kusafisha jina lake. Kwa hiyo yeye atasema sikutangaza, na mimi nikisema nilitangaza, nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya watu wote wa mji huu, na nikisema sikutangaza, nitaulizwa kwa nini, na sababu itakuwa imekaa pale pale mbele yangu na mkoba wake mapajani.

Mke wangu hajui. Ijumaa tukiwa mezani aliniambia, "Mama atasimama kwenye kamati. Na wewe?"

"Nimeitwa pia."

"Utasimama upande gani?"

"Nitakaa nyuma," nikasema. Hakucheka.

Mama mwenyewe hajaniuliza kwa nini nilimwambia apumzike, na hilo ndilo linalonimaliza. Jumapili alikuja kwetu, akala, akanitazama kwa muda nikimmiminia chai, kisha akauliza kama ile spika imetengenezwa. Nikasema imepona. Akasema, "Afadhali."

Dereva ananishauri niseme kifaa kiliharibika, atanishuhudia, lakini siku hiyo hiyo mji mzima ulinisikia isipokuwa barabara moja. Nimefikiria kusema sauti imenikauka nisiweze kufika. Tangu Jumamosi nakunywa maji ya barafu, na sauti iko safi kuliko wakati wowote. Nilitaka kumlinda tu, mshauri, sikumtakia mtu mabaya. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi,
Mtangazaji aliyenyamaza

MSHAURI ANAJIBU

Sijataja jina lako. Lakini mwanangu, mji huu una gari moja la matangazo.

Wasomaji wajue kwamba nilikupigia simu Alhamisi kukueleza hilo. Uliniuliza kama ninaweza kuandika "mfanyakazi mmoja wa ofisi fulani". Nikakujibu kwamba nikiondoa gari, nikaondoa na spika, kinachobaki ni mtu aliyemshauri mama mkwe wake apumzike, na huyo hahitaji ushauri, anahitaji pongezi. Kisha ukasema, "Chapisha tu, mama. Nikishasomwa sitaweza kurudi nyuma." Nikakuambia gazeti linatoka Jumatatu, na kwamba kabla ya Jumatatu uwe umekwenda kwa mama mkwe. Ukaitikia. Nimekushauri kwa simu na sasa nakushauri kwa maandishi, maana nimekujua kidogo: kama hukwenda, acha kusoma hapa hapa, vaa viatu, nenda. Asije akaazimwa gazeti na jirani.

Umerudi? Haya.

Nakuonea huruma, na sisemi kwa kukupaka mafuta. Kumtangazia mama mkwe wako kwa spika kwamba afungashe, tena akiwa amewanyamazisha watu kwa ajili yako, hiyo ni kazi ngumu na mshahara haukuihesabu. Ulipoona ule mkono uko juu ulipaswa kusimamisha gari, ushuke, uwaambie wote kwa mdomo: jamani, nimetumwa hili, sipendi, lakini kesho lori linakuja. Wangekutukana kidogo, na wangeokoa vitu vyao. Wewe ulikwepa aibu ya nusu dakika. Sasa bibi harusi wa watu ameolewa na gauni la kuazima.

Unasema ulimlinda mama. Ulilinda mashine yake. Yeye mwenyewe ulimwacha mikononi mwa wenzake. Mashine ya mwanamke huyo ingepakiwa kwenye lori pamoja na vitu vyao, leo angekuwa amekaa katikati yao anaitukana manispaa, na jioni angerudi nyumbani na rafiki yake. Umemnyima hilo, na juu yake ukamdanganya kwa goti. Goti ndilo lililonikera kuliko yote. Mtu amefurahi kwamba amekumbukwa, kumbe alikuwa anafichwa.

Na unafikiri hajui? Mtu anayejua sauti yako usingizini hajui sura yako mchana? Alipouliza kama spika imetengenezwa, alikufungulia mlango. Ukamjibu imepona, ukamwongeza chai. Amekaa na jambo hili peke yake wiki zote hizi, kwa sababu akiliuliza atalazimika kuchagua kati ya jina lake na mume wa binti yake. Usimfikishe mbele ya kamati na mzigo huo.

Kwa hiyo, kama kwa mama ulizungukazunguka tu kama ulivyozoea, utarudi tena, na safari hii fanya hivi. Anza na mke wako, umwambie yote, pamoja na dereva na maji ya barafu. Akikasirika usimwambie kwamba ulifanya kwa ajili ya mama yake. Usimchukue akusindikize kwa mama, nenda peke yako, na ukifika usianze na goti wala hali ya hewa. Sema: "Mama, nilijua. Nilizima kwa sababu nilikuona." Halafu kaa umsikilize, hata akinyamaza. Mtu wa kazi yako ukimya unamsumbua, ninaelewa, lakini usiujaze.

Kesho asubuhi mwone afisa masoko kabla watu hawajajaa ofisini. Mwambie utakachosema, asikisikie kwa mara ya kwanza mbele ya kamati. Atapiga meza. Atakuambia ulikubali ulipita. Mjibu kwamba kupita hata mbuzi anapita, wewe uliajiriwa kutangaza. Dereva usimwingize, yeye aliendesha gari alilopewa. Akitaka kukushuhudia uongo, mshukuru, mkatalie.

Jumatano omba kusema kabla ya mama mkwe wako. Hili ni muhimu kuliko yote, wewe kwanza, yeye baadaye, ili atakaposimama asiwe anamshtaki mtu, awe anathibitisha. Sema ulipita mara mbili bila kutangaza, sema kwa nini, sema jioni yake ulimwonya mtu mmoja tu na yeye hakujua anaonywa nini. Hapo goti lake litakuwa limesafishwa mbele ya mama wa mabeseni. Kisha iombe kamati irudishe vitu. Usilie. Usieleze unavyowapenda wafanyabiashara, watakuwa wamekwishaona unavyowapenda.

Kuhusu kazi, sitakudanganya. Unaweza kuipoteza. Umelipwa kusema, na siku ambayo maneno yako yangewasaidia watu, hukusema. Wakikusamehe, shukuru. Wakikufukuza, usiende kwa mama mkwe kuomba akuhurumie, zamu ya kuhurumiwa si yako. Na wakirudishiwa vitu, nenda yadi uwasaidie kupakia. Mashine ya dada wa zipu ni nzito, ibebe wewe, umfikishie mlangoni. Asipokusalimia, iweke chini taratibu.

La mwisho. Kwenye kamati watakuuliza maswali na utatamani kuyajibu yote pamoja na yale ambayo hujaulizwa. Jibu uliloulizwa, kisha kaa. Kaa mbele.