Sufuria Iliyopanda Teza

Méthode, kaka yetu, mwaka umetimia tangu homa ikuchukue, wiki tatu tu baada ya kushuka na pikipiki yako kutoka milima ya Teza. Jumamosi hii, hapa nyumbani Gasenyi, tunaganduka: msiba unafungwa, na kila mwenye neno juu yako atasimama aliseme.

Tutasema ulivyokuwa fundi. Pikipiki ya mtu ikikataa kuwaka, uliinama ukaisikiliza kwanza, kama daktari anavyosikiliza kifua. Ukishaitengeneza, ulimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye kona, ukasimama pale hadi mlio upotee.

Lakini juu ya Teza hatuna la kusema. Hiyo ni ya rafiki zako, Hugues na Massoudi. Mimi Joëlla, mdogo wako, naandika bila kuficha: nawaonea wivu.

Siku tatu mlilala kwenye hema kando ya mashamba ya chai. Wao wanajua baridi ya asubuhi ilivyokugandisha vidole. Walikuona ukiwapungia mkono watu wa baiskeli walioshika malori ili wavutwe kupanda mlima. Massoudi anasema uliimba mpaka Hugues akakurushia kiatu. Uliimba! Miaka yote nyumbani hatukukusikia ukiimba, hata kanisani.

Niliomba kwenda. Ukacheka: "We Joëlla, nyuma ni pa sufuria. Maliza mémoire yako ya chuo kikuu kwanza, ndiyo nitakupandisha." Ukaifunga sufuria ya mama kwa mpira, ukaondoka. Niliionea wivu hata hiyo sufuria.

Ilirudi nyeusi kwa masizi. Mama akapiga kelele: "Mulikuwa munapika lami?" Ukajibu: "Mama, uiache hivyo, ni rangi ya mlima." Mimi, kwa hasira ya kuachwa, niliichukua nikaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa. Uliniangalia tu.

Tulipokuzika, rafiki zako walibaki na picha, nyimbo na mlima mzima. Sisi tulibaki na sufuria safi. Nisamehe, kaka.

Mémoire nimeitetea mwezi uliopita. Juzi nilimwendea Massoudi gereji nikamwambia yote, hata wivu wangu. Alifunua turubai. Chini yake ilikuwa pikipiki yako, ameitunza, inawaka.

"Na sisi tulikuwa tunakuonea wivu, dada," akasema. "Siku tatu ni Joëlla tu! Joëlla angeona hii, Joëlla angeona ile, Joëlla atakuwa mutu mukubwa. Wimbo wenyewe ulikuwa juu yako. Unafikiri Hugues alirusha kiatu bure?"

Nilicheka, kisha nikalia palepale kwenye oili.

Jumapili tunapanda Teza. Dada yetu Elvire atakaa nyuma ya Hugues, mimi nyuma ya Massoudi kwenye pikipiki yako, na sufuria mgongoni. Mama ameitoa mwenyewe. Tutapika maharage kwa kuni mpaka iwe nyeusi tii, na Massoudi amekubali kunifundisha ule wimbo. Ikirudi, itatundikwa jikoni hivyo hivyo. Hakuna atakayeisugua.

Wanaokukumbuka: mama yako Dative, dada zako Elvire na Joëlla, na ndugu zako Hugues na Massoudi, tuliowaandika hapa kwa sababu na wao ni wa nyumba hii.

Daima, Méthode, humu ndani jina lako litaitwa.