Nyumba Hii Haiuzwi

Jumamosi, 8 Machi 2025
Usiku wa kwanza Shinyanga. Choo cha ndani, mabati mapya — mume wangu Mayala angenicheka! Tangu tumzike, nyumba ya Ushirombo imenizidi ukubwa. Nimenunua hii, niwe karibu na binti yangu Loveness na wajukuu, kabla sijauza ile. Aliyeniuzia hakutaka kungoja. Chama cha akiba wakanipa wanachokiita mkopo wa kuvukia: nikiuza kule, nawalipa. Nisipouza hadi mwisho wa Aprili, wanachukua hii. Dalali wangu Nkwabi anasema nyumba ya karibu na barabara haikai sokoni.

Jumanne, 18 Machi
Imekaa. Nkwabi anasema wateja wakisoma ukutani wanageuza. NYUMBA HII HAIUZWI. Mayala aliandika kwa rangi nyekundu, mwaka ule ndugu zake walipoanza kuitafutia mnunuzi naye yuko wodini. Aliporudi, hata chai hajanywa, akaomba brashi. Z akaiandika kinyume. Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Nimetuma hela ya chokaa.

Jumapili, 30 Machi
Loveness alisema atakuja na watoto baada ya ibada. Nikapika michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwa karanga, sufuria nzima. Hakuja. Alipiga jioni, eti watoto wamechoka. Nikamwambia hakuna neno.
Lipo neno! Nimehamia huku kwa ajili yao. Jirani simjui hata jina. Nimekula peke yangu, kisha nikajikuta nimepakua sahani ya pili na kuifunika, kama zamani.

Ijumaa, 11 Aprili
Mteja! Mama mmoja wa Buseresere, Eunice, anauza vipuri vya mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Picha zimempendeza, Jumatano anakwenda kuiona. Maneno ya ukutani hayamo pichani, chokaa imeyafunika vizuri.
Enock wa chama naye kapiga, kunikumbusha tarehe. Kwa adabu kabisa, shikamoo mbili.
Nimesali. Halafu nikalia, sijui kwa furaha au kwa ile Z.

Jumatano, 16 Aprili
Mvua Ushirombo tangu juzi. Chokaa ya bei chee! Imeoshwa yote, maneno mekundu yamerudi. Nkwabi alinipigia kwa sauti ya chini, kabla hajamaliza yule mama akaichukua simu. Shikamoo. Marahaba. Akasema nyumba ameipenda, hela anayo, leo hii waende kuandikiana. Ila nyumba yenye ugomvi hagusi.
"Aliyeandika hapa ni nani, mama?"
Nikasema ni mume wangu.
"Basi naomba niongee naye. Akiridhia yeye, tumemaliza."
Nikasema subiri kidogo.
Simu iko hapa mezani, haijakatwa. Namsikia anakohoa, nasikia na mvua ya kwetu kwenye bati. Ni neno moja tu linalotakiwa. Nyumba zote mbili zinalingoja. Mayala nimemvalia nyeusi, nimemchagulia sanduku, lakini kusema kwamba amefariki, kwa mdomo wangu huu — sijawahi. Kila walipomuulizia, Loveness ndiye aliyejibu. Mimi nilikuwa nashughulika na chai.
Sasa Loveness hayupo, na chai sijapika.
Anaita tena.
"Mama? Mama, upo na nani hapo?"