Pikapu ya Baba na Kipimo cha Moshi

San Gregorio Atlapulco,
Jumapili baada ya Siku ya Wafu

Kaka yangu mpenzi Fidencio,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na kutoka kwa Mama na Baba. Huku sote tunapumua na tunakula, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama limetulia tangu aache kubeba ndoo, na shamba letu la mtoni limetoa maua mengi kuliko mwaka jana. Je, huko Chicago baridi imeshaanza kuwauma? Shemeji Araceli amepona kile kikohozi? Na watoto, bado wanaelewa Kihispania au tukija tutaongea nao kwa mikono?

Najua utashangaa kupata barua ilhali tunaongea kwenye simu kila wiki. Lakini simu yenyewe iko sebuleni, na Baba hukaa palepale. Haya ninayokuandikia siwezi kuyasema akiwa ananisikia.

Ni habari ya pikapu. Unajua jinsi serikali inavyoyaandama magari ya zamani. Jipya linapita kipimo cha moshi likiwa linacheka. La zamani linaitwa kila nusu mwaka, na bila stika ya kipimo huingii mjini. Mwaka huu zamu yetu ilikuja karibu na Siku ya Wafu, wakati kila mtu ananunua maua ya makaburini, na bila pikapu maua yangetuozea mtoni.

Mara ya kwanza nilimsindikiza Baba. Tulikaa foleni hadi jua likatuingia kichwani. Lori la taka la serikali likapita mbele yetu likitoa moshi mweusi kama sufuria iliyoungua, na foleni nzima ikapiga kelele. Mwenye teksi aliyekuwa nyuma yetu akauliza, “Na hilo je, linapimwa na Mungu?” Tulicheka, Fidencio, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira. Zamu yetu ilipofika, kijana akaingiza mrija wake kwenye bomba la moshi, akasubiri, akatupa karatasi: gari limekataliwa. Mimi nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Baba alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaniambia twende nyumbani.

Fundi Nabor akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akafunga kile kichujio cha moshi ulichotusaidia kununua. Gari likawa linanguruma taratibu kama paka. Baba akalipeleka peke yake, akarudi na karatasi mbaya kuliko ya kwanza. Watu wakamshauri atoe kitu kidogo kama wengine. Alikataa katakata.

Nabor alipofungua boneti akakuta mpira mdogo wa hewa umechomoka kwenye injini. Akaapa kwamba aliubana kwa mikono yake, na kwamba mpira ule hautoki wenyewe. Basi mimi nikajua wezi ni akina nani. Nikaenda kituoni, nikamwita msimamizi mbele za watu, nikamwambia, “Nyinyi mnachomoa mipira ya magari ya wazee ili mle rushwa!” Mtu yule, mnene, mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Dada, sisi hapa boneti hatufungui. Kazi yetu iko nyuma ya gari.” Nikamwambia akamdanganye mama yake.

Mara ya tatu Baba alisema tumbo linamsokota. Kwa hiyo mimi na Nabor tulilitoa gari gereji moja kwa moja hadi kituoni. Likapita! Fidencio, nilipiga honi kuanzia barabara kuu mpaka mlangoni kwetu. Mama akatoka akipiga makofi. Baba akaja polepole, akaipapasa stika kwenye kioo kwa vidole, akasema, “Basi, limepita,” kama mtu anayepokea habari ya msiba. Mezani alionja tu chakula, akaondoka.

Kesho yake tulikuwa tukikata maua pamoja, mimi na yeye. Nikamuuliza kama amekasirika kwa sababu nililiendesha mimi. Akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba tangu Pasaka haoni vizuri. Pembeni anaona, lakini katikati, pale anapotazama, kuna doa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mwezi wa sita alikaribia kumgonga Doña Chona, muuza chapati za mahindi, pale kwenye kona ya kanisa. Hakumwona, alisikia tu ukelele wake. Alirudi nyumbani akajilaza mchana kutwa, akatuambia ni joto.

Mpira ule alikuwa anauchomoa yeye mwenyewe, kaka. Mara zote mbili. Mara ya kwanza alijifanya anakagua maji ya injini, nami nimekaa ndani ya gari nikisuka nywele.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu, “Nilitaka serikali ininyang'anye. Serikali naweza kuitukana mpaka nikalala. Macho yangu nitayatukanaje? Nanyi kila nikiliharibu, mnalitengeneza.” Halafu akacheka, na machozi yakamtoka akiwa anacheka hivyo hivyo. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Bibi.

Mama nilipomwambia hakushtuka. Alisema siku nyingi amekuwa akimpa kikombe cha kahawa mkononi badala ya kukiweka mezani, akingoja mwenyewe aseme.

Tumempeleka kwa daktari. Amesema jicho la kulia halina matumaini, la kushoto wataweza kulishikilia lisizidi kuharibika. Pia nilirudi kituoni na fungu la maua, nikamwomba msimamizi msamaha. Aliuliza kama maua nayo yamepimwa moshi. Nilistahili.

Baba amenikataza nisikuambie. Anasema ukijua utajiona huna budi kurudi, na huko umeshajenga maisha. Nimevunja agizo lake, kwa sababu wewe ni mtoto wake kama mimi. Sikuombi urudi. Ninachokuomba ni kwamba ukipiga simu usimuulize tena pikapu inakwendaje. Muulize maua, muulize bei, mwache akuelekeze kama zamani. Na ukipata nafasi ya kuja, hata Krismasi ya mwakani, njoo akuone kabla hajabaki kukusikia tu.

Sasa dereva ni mimi. Tunatoka alfajiri, yeye kakaa kando yangu na kofia magotini. Jana, tulipokaribia njia panda, aliniuliza taa iliyo mbele yetu ina rangi gani. Nikamwambia nyekundu. Akanyoosha mguu kana kwamba anakanyaga breki, akasema, “Haya, simama.” Nikasimama.

Mama anakutumia baraka zake na anauliza kama shemeji alipata zile pilipili kavu. Wasalimie watoto, waambie shangazi yao amekuwa dereva. Nakukumbatia kwa mikono yenye harufu ya maua, maana kuiosha hakusaidii.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Remedios