Siku Kumi na Moja Nilizozijaza

Dar es Salaam,
14 Agosti

Kwa kaka yangu mpendwa Gidioni,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Bukiriro, wewe, wifi Josefina na watoto, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila tangu Jumapili nina jambo la kukueleza. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenituliza kabla sijamaliza, na hili nataka nilimalize.

Jumapili hiyo wifi alinipigia kuuliza mwaka huu mpande lini. Katikati ya maongezi akanieleza jambo ambalo wewe hukuniambia. Alisema maharage yalipokauka mwaka jana, watu wa jumuiya walikuja kuuliza ni nani aliyewaahidi mvua nzuri, nawe ukasimama ukawaambia, "Keza alisema tungoje. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka."

Kaka, sikusema mngoje. Nilikuambia mpande shamba zima, tena mapema. Wifi anasema tangu siku ile hawakuiti kwenye vikao, na Uwimana, yule mjane jirani yenu aliyepanda mbegu yake yote kwa neno lako, hupita njia ya bondeni ili msikutane. Nami huku mwaka mzima nilidhani watu wameshasahau.

Kazi yangu unaijua, ingawa mama bado anawaambia watu kwamba nahesabu samaki. Mvua yenu ya huko milimani, sehemu yake huanzia huku. Maji ya bahari upande wetu yakipata joto, mvuke hupanda na upepo huusukuma bara. Yakipoa, mawingu hupungua, na jua huwachoma ninyi ambao hata bahari yenyewe hamjawahi kuiona. Tuna maboya yanayoelea mbali huko, kila siku yanatuletea vipimo vya joto la maji. Kwa miaka tisa nimekuwa nikisoma vipimo hivyo na kusema msimu utakuwaje.

Sasa nikuambie nililolificha. Mwaka jana, mwezi kama huu, boya moja lilinyamaza siku kumi na moja. Kanuni ni kusubiri, au kuandika wazi kwamba hatujui. Mimi nilikuwa na mkutano, natakiwa kusoma taarifa mbele ya wakubwa, na sikutaka kusimama na karatasi yenye mapengo. Nikachukua tarakimu za mwaka uliotangulia nikazijaza pale palipokuwa patupu. Wakanipigia makofi. Jioni ile ile nikakupigia wewe kukupa habari njema.

Boya lilipoanza tena kutuma, niliona maji yamepoa. Zilibaki wiki tatu nzima kabla hamjatia jembe ardhini! Ningekuambia ungeacha. Lakini niliogopa kwamba nikisahihisha, mtu atauliza zile tarakimu za kwanza zilitoka wapi. Nikanyamaza, nikawa nasali mvua inyeshe. Ikanyesha majuma machache, ikakatika, na maharage yakakauka yakiwa na maua.

Jana nilimweleza mkuu wangu yote. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama kuna watu waliopanda kwa taarifa ile, nikamjibu kwamba wapo, na ninawajua kwa majina. Amenisimamisha kazi mpaka kikao kikae, na huenda nisirudi. Kwa hiyo mwambie wifi kwamba swali lake la lini mpande, si mimi wa kulijibu. Yale ya msimu huu watayasema wenzangu, na wakisema hawajui, muwaamini.

Naomba barua hii uisome kwenye jumuiya, usiruke mstari. Ikikushinda, mpe wifi amalizie. Nitafika Alhamisi ijayo. Usije stendi kunipokea, maana nitapita kwanza kwa Uwimana, peke yangu, na sijui kama atanifungulia mlango.

Mama umwambie mapema, mkiwa wawili, asije akalisikia mbele za watu. Mpe shikamoo yangu. Wasalimie watoto, na wifi umwambie namshukuru kwa kunieleza.

Ni mimi mdogo wako, uliyembebea aibu isiyo yako,
Keza