Mvua Niliyoisingizia

Jumanne, alasiri. Anga jeupe tangu juzi, hakuna hata tone.

Niandike hili kabla sijajitafutia maneno mazuri: jana nilimdanganya mzee aliyefiwa.

Kwenye duka hili la intaneti, hapa Sumbawanga, mimi ndiye fundi. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuharibu, na bosi wangu, ambaye kazi yake hasa ni kununua mahindi, haoni tofauti. Mtandao ukigoma tunasema ni mvua, na wateja wanaelewa. Huku Ufipa mvua haidaiwi ushahidi.

Jumapili nilifungua lile dirisha jeusi la amri nikagusa orodha ya seva za majina. Hizo ndizo ambazo kompyuta huziuliza jina la tovuti lina namba gani. Zilikuwa mbili. Nikaona moja inatosha, nikafuta ya pili, nikajiona mtaalamu.

Jana mchana ile moja ikanyamaza.

Ndipo akaingia Mzee Gaspari wa kijiji cha Kate. Mkewe alifariki Jumamosi, na siku hiyohiyo mpwa wake alitumia anwani yetu ya barua pepe kumwandikia Kristofa, mtoto wao anayesoma Kampala. Kate simu hazishiki. Mzee alifuata jibu: wamsubiri, au wazike?

Nikamwamkia, nikampa kiti. Nikaandika ping, amri ya kubisha hodi kwa kompyuta ya mbali, na namba: ikajibu. Ping na jina: kimya. Njia ilikuwa wazi. Majina nilikuwa nimeyafungia mwenyewe. Namba niliyoifuta sikuwa nimeinakili popote. Aliyekuwa nayo ni fundi wa Dar aliyetufungia mitambo, ambaye aliwahi kunicheka kwamba nakariri amri kama katekisimu.

Sikumpigia. Nikamwambia mzee ni mvua.

Akatazama nje. "Mvua ya wapi, mwanangu? Nimekuja juu ya magunia ya mahindi, sijalowa."

Nikasema ya Dar.

Alisubiri mpaka saa kumi, lori lililomleta likapiga honi. Akasema hata kwa baridi ya huku, marehemu hawezi kungoja zaidi. Watazika asubuhi.

Alipoondoka ndipo nikapiga simu. Fundi alicheka, kama nilivyotarajia, kisha akanitajia namba. Nikaiongeza kwenye faili. Dakika mbili tu. Barua ya Kristofa ilikuwepo tangu Jumapili: amefika Mwanza, anapanda basi, ataingia Sumbawanga Jumanne jioni. "Msimzike mama bila mimi."

Gari la Kate halikuwepo tena. Leo alfajiri nimeazima pikipiki, barua nimeichapisha, iko mfukoni. Nimefika saa nne. Watu walikuwa wametoka makaburini, wananawa mikono.

Mzee ameisoma, ameikunja mara nne. Hakupandisha sauti.

"Mvua imekatika?"

Nimemweleza yote, hata habari za ping, kana kwamba zingesaidia. Amesikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa kuwa narudi mjini, nikampokee mwanawe stendi, asije akaambiwa na mtu asiyejua ilivyokuwa.

Namba zote mbili sasa nimezibandika ukutani kwa maandishi makubwa. Bosi anadhani ni za simu.

Basi linaingia saa kumi na mbili. Kristofa ataniuliza kwa nini hawakumngoja, na juu huko sioni hata wingu moja la kunisaidia.