Nilimjibu Sawa

Lorna, nimeiharibu kesi ya Dale. Mimi dada yake, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Leo jaji hakuuliza hata lile lori lililomuua lilimgongaje. Alisema, "Kabla ya yote, lazima niamue kama nina mamlaka ya kuisikiliza kesi hii." Kampuni ya lori ni ya Kentucky. Kama Dale alibaki mtu wa Ohio, mahakama hii ya shirikisho ingetusikiliza, maana inataka pande mbili ziwe za majimbo tofauti. Kama alishahamia Kentucky moja kwa moja, basi tena.

Nikaapa. Nikasema kaka yangu alikwenda Louisville, huko Kentucky, kwa kazi tu, angerudi nyumbani Toledo, Ohio. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu, Lorna. Ningesema nini?

Wakili wa kampuni akasoma ujumbe ambao Dale alinitumia kwa simu: "Sirudi tena Ohio. Usimwambie Mama."

"Na wewe ulimjibuje?"

Nikamwomba arudie swali.

"Dada, ulimjibuje?"

"Nilimjibu sawa."

Sawa! Nimeapa, halafu nasema sawa mbele ya watu wote. Jaji hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema hana mamlaka, twende tukaanze upya kwenye mahakama ya jimbo kule Kentucky.

Kwenye gari nilimwomba Mama msamaha kwa ajili ya kesi. Kesi hakuigusa.

Alisema, "Dale alipokuwa Louisville, kila Jumamosi nilibadilisha shuka za kitanda chake. Na wewe ulikuwa unanishikia upande wa pili."