Makofi ya Sehemu ya Kwanza

Bellevue, Johannesburg
Juni 2018

Mwanangu Parfait,

Watu wengi hukosea kama ulivyokosea: muziki ukinyamaza, hudhani umekwisha. Okestra ya taifa ilikuwa imemaliza sehemu ya kwanza tu kati ya nne, na katikati hapo hapapigwi makofi. Ni desturi tu. Zamani hata Ulaya walipiga. Wewe ulisimama ukapiga makofi na kuita "Haleluya!" kama tufanyavyo kanisani kwaya ikituchangamsha. Jirani akasema, "Eish, baba, bado!" Watu wakacheka, nawe ukatoka kwa aibu, ukarudi Lubumbashi bila kuaga.

Hukusikia sehemu ya tatu, binti yako Gaëlle alipopiga fidla peke yake, wenzake wote wakimsikiliza. Alipomaliza aliinua macho, akaona kiti kitupu kando yangu.

Hapa hatujambo. Dada yako Marcelline amepata wateja wapya wa kusuka. Ila Gaëlle hajagusa fidla tangu siku ile. Jana aliniuliza, "Babu, Papa alinionea haya?" Nikamweleza habari ya makofi. Akajibu, "Basi aniambie mwenyewe."

Mpigie simu leo.

Baba yako,
Hénock